Watu Watakula Nini? Historia Fupi ya Karatasi Inayotangulia Jengo

Mwaka jana kikundi chetu cha vijana hapa Kalobeyei kilipata kazi ambayo hatukuwahi kuifanya. Shirika moja lilitaka kujenga banda la vijana kando ya njia ya kwenda sokoni. Badala ya kumwita mkandarasi moja kwa moja, likasema vijana wenyewe watoe wazo kwanza, kana kwamba sisi ni ofisi ya usanifu na shirika ni mteja wetu. Tulifurahi sana. Mimi ni mhamasishaji wa vijana, kazi ya insentivu, na masomo yangu yaliishia kidato cha nne hapahapa kambini. Kuchora najua kidogo. Lakini pamoja na mchoro mteja alitaka kurasa 2 za kitu kinachoitwa maelezo ya usanifu. Wenzangu wote wakanigeukia. "Si wewe ndio unaandikaga? Andika."

Kwa wale ambao hawajakutana na kitu hiki, nieleze. Mchoro unaonyesha nini kitajengwa. Maelezo ya usanifu yanasema kwa nini kijengwe hivyo: nani ameomba, mahali penyewe pakoje, shida ni ipi, umechagua nini, umeacha nini, na mtu atakayeingia mle ndani atapata nini. Mteja akishakubali, karatasi ile inabaki kama ahadi. Siku jengo likikamilika, mtu yeyote anaweza kuishika mkononi na kuuliza: mlisema hivi, mbona iko vile?

Basi niliandika usiku mmoja kwa tochi ya simu. Niliandika vile nilivyosikia watu wa ofisi wakiongea kwenye mikutano. Sentensi yangu ya kwanza ilisema: "Banda hili la kisasa, jumuishi na endelevu litawawezesha vijana kutimiza ndoto zao." Neno "endelevu" nililitumia mara 7. Jua linapiga upande gani, sikuandika hata mara 1. Na ule mti mkubwa wa mathenge ulio mbele ya kiwanja niliuondoa kwenye mchoro, juu ungeficha kibao chenye jina la mradi.

Afisa aliyepokea kazi yetu ni mama mmoja mpole, tunamwita madam. Alisoma kurasa zote mbili bila kusema kitu. Halafu akaniuliza, "Kijana wangu, saa nane mchana, jua likiwa kali, nani amekaa pale?"

Nikasema, "Vijana, madam."

"Vijana gani?"

Nikanyamaza. Saa hiyo wavulana wako shule au wamelala, wasichana wako nyumbani au kwenye foleni ya maji. Saa nane pale kuna wamama wa mandazi na nyanya, wamekaa chini ya ule mathenge ambao mimi nilikuwa nimeukata kwa kalamu. Akanirudishia karatasi zangu. "Nakupa wiki 2. Andika tena. Ukishindwa, tutampa mkandarasi."

Wiki ya kwanza sikuandika kitu. Nilisoma. Nilisoma kwenye simu, nikasoma kitabu kimoja cha usanifu kilichochanika jalada. Nilitaka kujua watu wengine waliandikaje na waliulizwa nini. Kumbe swali la madam ni la zamani sana. Liliulizwa zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, na aliyeuliza alikuwa mfalme.

MSANIFU NA NGOZI YA SIMBA

Kisa hiki kimeandikwa na Vitruvius, msanifu Mroma wa karne ya 1 kabla ya Kristo. Aliandika vitabu 10 kuhusu ujenzi na kuvielekeza kwa Kaisari Augusto. Watu wengi wanamkumbuka kwa mambo matatu aliyotaka katika kila jengo: liwe imara, lifae, lipendeze. Lakini mimi nilishikwa na hadithi anayoisimulia mwanzoni mwa kitabu cha 2.

Alikuwepo msanifu mmoja wa Makedonia, jina lake Dinocrates. Alitaka kazi kwa Aleksanda Mkuu. Alikuwa na barua za kumtambulisha kwa wakubwa, lakini wakubwa wakawa wanampiga kalenda, njoo leo, njoo kesho. Sisi tunaokaa kwenye foleni za ofisi tunaijua hiyo. Dinocrates akachoka. Akavua nguo, akajipaka mafuta, akaweka taji la majani kichwani na ngozi ya simba begani, akashika rungu, akaenda kusimama mahali mfalme alipokuwa akiamua kesi. Watu wote wakageuka. Mfalme akamwita.

Hapo Dinocrates akatoa maelezo yake ya usanifu kwa mdomo. Alitaka kuuchonga mlima Athos mzima uwe sanamu ya mtu. Mkono wa kushoto wa sanamu ungebeba mji mkubwa. Mkono wa kulia ungeshika bakuli la kupokea maji ya mito yote ya mlima ule, halafu maji yamwagike baharini.

Aleksanda alipendezwa. Akauliza swali moja: je, karibu na mji huo kuna mashamba ya nafaka ya kulisha watu wake? Dinocrates akajibu hakuna, chakula kitaletwa kwa meli. Mfalme akamwambia wazo ni zuri, ila mahali pamechaguliwa vibaya. Mtoto mchanga hawezi kukua bila maziwa ya anayemlea, na mji hauwezi kukua bila mashamba. Mchoro ule ukafia hapo. Lakini mfalme hakumfukuza. Alikwenda naye Misri, na walipofika mahali penye bandari nzuri, mashamba ya ngano na mto Naili, akamwagiza ajenge mji. Mji huo ni Aleksandria, ulioanzishwa mwaka 331 kabla ya Kristo, na mpaka leo unakaliwa.

Niliisoma hadithi hii mara tatu. Mimi nami nilikuwa nimekwenda kwa madam na ngozi ya simba. Maneno "jumuishi" na "endelevu" ndiyo yalikuwa mafuta na taji langu. Yalifanya nisikilizwe, sawa. Lakini swali la pili lilikuwa la chakula, na sikuwa na jibu.

KIJIJI KIZURI KILICHOKATALIWA

Sasa tukae hukohuko Misri, lakini turuke mpaka mwaka 1945. Karibu na Luxor, ng'ambo ya magharibi ya Naili, kulikuwa na watu wa Gourna. Nyumba zao zilikuwa juu ya makaburi ya wakubwa wa Misri ya kale. Watu wengi wa pale waliishi kwa makaburi hayo: wengine walifanya kazi na wachimbaji wa vitu vya kale na watalii, wengine waliuza vitu vilivyotolewa chini. Baada ya jiwe moja zima la michongo kuibiwa, idara ya serikali ya mambo ya kale iliamua watu hao wahamishwe. Kazi ya kubuni kijiji kipya ikapewa Hassan Fathy.

Fathy alikuwa msanifu mwenye moyo. Wakati ule saruji, chuma na mbao vilikuwa ghali. Yeye akawaleta mafundi Wanubi kutoka upande wa Aswan, waliojua kujenga mapaa ya kuba kwa matofali ya udongo bila kutumia mbao hata moja. Alijenga msikiti, soko, shule, hata ukumbi wa maigizo. Ukiona picha za kijiji kile utasema ungependa kuhamia kesho. Baadaye aliandika kitabu kilichomfanya ajulikane duniani. Kilitoka Cairo mwaka 1969, na mwaka 1973 kikachapishwa Marekani. Ndani yake anasisitiza kwamba maskini naye ni mteja, na kila familia inastahili nyumba yake ifikiriwe peke yake.

Lakini watu wa Gourna wengi walikataa kuhama, na ni sehemu tu ya kijiji iliyokamilika. Inasemwa kuba ziliwakumbusha makaburi ya mawalii, na nani anataka kulala kaburini? Sababu kubwa zaidi ilikuwa ile ya Aleksanda. Kule juu mlimani ndiko walikopatia riziki. Kijiji kipya kilikuwa na kila kitu isipokuwa jibu la swali la watakula nini.

Mimi simlaumu sana Fathy. Alijenga kwa udongo kwa sababu aliwaheshimu watu wa chini. Ila mteja aliyesaini karatasi yake alikuwa idara ya serikali, na shida iliyoandikwa juu ya karatasi hiyo ilikuwa wizi wa vitu vya kale. Watu wa Gourna ndani ya karatasi ile walikuwa shida ya kuondolewa. Hata ukimpa mtu nyumba nzuri namna gani, akijua kwamba kwenye karatasi yeye ndiye shida, hataingia kwa furaha.

NGUZO ILIYOUZWA

Hadithi ya tatu inatugusa sisi wenyewe, hasa tuliotoka Kivu. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari ya Rwanda na baada yake, watu zaidi ya milioni 2 walikimbilia nchi za jirani. Wengi waliingia Goma na kando zake, kwenye mawe ya volkano ambako hata kuchimba choo ni kazi. Wazee wetu wanakumbuka jinsi misitu ya upande wa Virunga ilivyokatwa kwa ajili ya kuni na nguzo.

Wakati huo UNHCR ilikuwa ikigawa shitingi, turubai ya plastiki ya mita 4 kwa 6, na familia inajitafutia miti ya kuisimamisha. Zidisha hiyo na idadi ya familia zote, utaona kwa nini vilima vilibaki uchi. Kwa hiyo wakaanza kugawa nguzo za aluminiamu. Wakimbizi wakaziuza zile nguzo, wakarudi kukata miti.

Msanifu Mjapani, Shigeru Ban, alikuwa ameona picha za wakimbizi wakitetemeka kwa baridi ndani ya mablanketi. Alikwenda mwenyewe Geneva kwenye makao makuu ya UNHCR akiwa na wazo: nguzo za karatasi. Ni mabomba ya karatasi nene kama yale yanayobaki katikati ya jora la kitambaa, ila makubwa zaidi. Karatasi ni rahisi, ni nyepesi, mashine ndogo inaweza kuitengeneza palepale, na hakuna mtu atakayeinunua sokoni. UNHCR ikamchukua awe mshauri. Walijaribu gharama, uimara, hata mchwa. Mwaka 1999 mabanda 50 ya majaribio yalisimamishwa Byumba, kaskazini mwa Rwanda.

Niliposoma hapo mara ya kwanza nilisema huyu jamaa ana akili. Nguzo isiyouzika! Lakini usiku nikaanza kujiuliza. Sisi tunaoishi kambini hatuhitaji kuelezwa kwa nini mtu anauza alichopewa. Nyumbani kwetu, nikiwa mdogo, mama aliuza sehemu ya mahindi ya mgao ili apate pesa ya kusagia mahindi yaliyobaki. Ukimwona sokoni utasema huyu mama hana shida, anauza chakula. Kumbe anauza ndio apike. Yule aliyeuza nguzo ya aluminiamu naye alikuwa anajibu swali la Aleksanda kwa njia pekee aliyokuwa nayo.

Kwa hiyo maelezo ya nguzo ya karatasi yalijibu vizuri shida ya mteja, yaani miti na gharama. Na miti ni shida ya kweli, sikatai. Hata hapa Turkana tunagombana na wenyeji juu ya kuni. Lakini ile aluminiamu iliyouzwa ilikuwa pia ujumbe. Ilisema: tuna paa, hatuna chumvi. Karatasi inayosema "nguzo hii haiuziki" imefunga mlango ambao ujumbe ule ulipitia.

Nasema haya bila kumvunjia heshima Ban, juu yeye mwenyewe anajua kusikiliza. Januari 1995 tetemeko lilipiga mji wa Kobe kule Japani. Kulikuwa na watu wa Vietnam, waliowahi kuwa wakimbizi kama sisi, wakaendelea kukaa kwenye mahema katika bustani za mji. Serikali ilikuwa na nyumba za muda, lakini ziko mbali na kazi zao. Wangehama, wangekosa kazi. Ban akawajengea nyumba ndogo za mabomba ya karatasi palepale karibu na viwanda, na msingi ukawa makreti ya bia yaliyojazwa mchanga. Karatasi ni ileile ya Rwanda, ila safari hii alianza na mahali watu wanapopatia chakula.

Na hapa kwetu pia jina lake limefika. Kalobeyei ilifunguliwa mwaka 2016 kwenye ardhi iliyotolewa Turkana, kwa mpango wa wakimbizi na wenyeji kuishi pamoja, tofauti na Kakuma iliyoanza mwaka 1992 kama kambi ya dharura. Mwaka 2017 Ban alikubaliana na UN-Habitat kubuni nyumba za makazi haya. Alisema muhimu ni nyumba ambayo haihitaji usimamizi mwingi wa wataalamu, ya vifaa vinavyopatikana hapa, na ambayo mwenye kuishi ndani anaweza kuitengeneza ikiharibika. Ukisoma maneno hayo pamoja na yale ya nguzo isiyouzika, unaona karatasi imesogea. Mwanzoni iliandikwa kumzuia mkimbizi asifanye jambo. Sasa inaandikwa ili aweze kufanya. Nyumba za mfano zilijengwa. Na baadaye hapa Kalobeyei familia nyingi zilipewa pesa zichague fundi wao na kujijengea, yaani kwa mara ya kwanza mama wa nyumba akawa mteja. Ukipita kijijini utaona tofauti. Huyu ameongeza kibaraza, yule ametoboa dirisha la duka.

MCHORO WA MCHANGANI

Wa mwisho ni Francis Kéré. Alizaliwa Gando, kijiji cha Burkina Faso, mwaka 1965. Akiwa na miaka 7 ilibidi aache nyumbani kwenda kusoma, kwa sababu kijijini hapakuwa na shule. Alifika mpaka Ujerumani, akasomea usanifu, na akiwa bado mwanafunzi akaanza kuchangisha pesa za kujenga shule kwao.

Aliporudi na wazo la kujenga kwa udongo, watu wa Gando hawakupiga makofi. Udongo wanaujua, mvua ikija unaanguka. Mtoto wao ametoka Ulaya, wakatarajia vioo na saruji. Kéré angeweza kusema "mimi nimesoma, nyinyi hamjui." Badala yake aliwaeleza hatua kwa hatua. Wengi walikuwa hawajui kusoma michoro, kwa hiyo alichora mchangani. Alionyesha jinsi udongo ukichanganywa na saruji kidogo unavyokuwa tofali gumu, jinsi paa la bati likiinuliwa juu ya dari linavyolinda ukuta usinyeshewe na kuacha hewa ya moto itoke. Akajenga mfano, watu wakaujaribu kwa macho yao na kwa uzito wao. Halafu kijiji kizima kikajenga. Shule ilikamilika mwaka 2001, ikapata tuzo ya Aga Khan mwaka 2004. Mwaka 2022 Kéré alikuwa Mwafrika wa kwanza kupata tuzo ya Pritzker, ile ambayo Ban aliipata mwaka 2014. Kazi yake nyingine iko hapahapa Turkana, karibu na ziwa: chuo cha vijana cha mambo ya kompyuta chenye minara ya kutoa hewa kama vichuguu vya mchwa.

Kéré alikuwa na wateja wawili. Wafadhili wa Ujerumani walihitaji karatasi. Watu wa Gando walihitaji mchanga na muda. Aliandika mara mbili, na mara zote mbili alisema jambo lilelile. Nadhani hapo ndipo wengi wetu tunapoanguka: karatasi ya mfadhili inasema hivi, na kwenye mkutano wa kijiji tunasema vingine.

KURUDI CHINI YA MATHENGE

Wiki ya pili nilikwenda na wenzangu wawili tukakaa chini ya ule mti siku tatu, asubuhi mpaka giza, na daftari. Tuliandika nani anakuja saa ngapi na anafanya nini. Siku ya kwanza wamama walicheka, wakadhani tunaandikisha majina ya mgao. Siku ya pili mama wa mandazi akaniita.

"Mwanangu, nasikia mnajenga banda."

"Ndiyo mama, la vijana."

"Mti huu ndio banda. Nyinyi mnataka kujenga banda juu ya banda. Na mimi nitauzia wapi?"

Nikamwambia ukweli, kwamba kwenye mchoro wa kwanza mti nilikuwa nimeuondoa. Hakukasirika. Alinipa mandazi mawili na kuniambia nirudi nikachore vizuri.

Siku ya tatu alikuja mama Mturkana anayeuza makaa. Aliangalia vijiti tulivyochomeka kuonyesha kona za jengo, akatikisa kichwa, akaongea, na kijana mmoja akatutafsiria. Alisema hapa maji hupita. Laga ikijaa, tawi lake moja linakata palepale tulipoweka mlango. Sisi hatukujua kwa sababu mvua kubwa ya aina hiyo haikuwa imenyesha tangu familia zetu zihamie upande huu. Yeye amezaliwa hapa, na kwao wanaojenga nyumba ni wanawake. Ndiye alikuwa msanifu mkubwa kuliko sisi wote, na hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Nikaandika upya. Sentensi ya kwanza sasa ilisema: "Saa nane mchana mahali hapa huwa na wamama 11 wanaouza chakula chini ya mti mmoja, na jioni huwa na vijana wanaosubiri mpira, banda hili lazima liwafae wote na lisimwondoe yeyote." Baada ya hapo nikaeleza maji, jua, upepo wa vumbi, na kwa nini tumesogeza jengo nyuma ya mti na kuinua sakafu. Nikaeleza benchi la saruji linalozunguka ukuta wa nje, ili muuzaji awe na pa kukaa. Nikaandika pia tulichoacha: vigae, na kile kibao kikubwa. Neno "endelevu" halimo.

Madam alisoma, akauliza bei ya benchi, akasaini. Kuhusu kibao, mfadhili hakukubali kiondolewe. Tukakubaliana kiwe kidogo na kikae ukutani.

Banda limesimama. Mvua ya mwezi wa nne ilipokuja maji yalipita pembeni, na mama wa makaa akapita kutuangalia bila kusema kitu. Lakini tuna kosa, na nalisema hapa kwa sababu hii ni historia. Mlango tuliuelekeza upande wa steji ya boda boda. Wasichana hawapendi kupita mbele ya wale vijana wa pikipiki saa kumi na moja jioni, kwa hiyo wengi hawaingii. Sisi tuliokaa na daftari tulikuwa wavulana watatu. Tuliuliza wamama wanakaa wapi saa nane. Hatukuuliza dada zetu wanapita wapi saa kumi na moja.

Tumeomba ruhusa tutoboe mlango wa pili upande wa mti. Maelezo ya usanifu ya kazi hiyo yanaandikwa na wasichana 2 wa kikundi chetu, mimi nashika futi tu. Kurasa zetu za kwanza, zile mbovu na zile zilizokubaliwa, tumezibandika ukutani ndani ya banda. Kikundi kingine kikipewa kazi ya namna hii, au ndugu zetu wa mashirika wakitaka kujua tulianzia wapi, mpite mzisome. Mandazi yanapatikana hapo nje kuanzia saa moja asubuhi.